Mngurumo wa Jumapili

Mama Sindano aliusikia tena mngurumo ule wakati wa sala ya toba, na kama kawaida yake akafungua jicho moja kuona kama kuna mwingine aliyeusikia. Hakuna. Kanisa zima lilikuwa limeinamisha vichwa. Mchungaji alikuwa anaomba, na zile spika mpya zilikuwa zinamsaidia kuomba, maana sala iliyotoka kinywani mwake kwa upole ilifika viti vya nyuma kwa kishindo. Lakini chini ya sala, chini ya sakafu, kwenye nyayo za miguu yake, kitu kilikuwa kinanguruma. Kilinguruma, kikapotea, kikarudi. Alikijua. Ndicho kilichomchukulia mume wake.

Yeye alikaa viti vya nyuma siku hizi. Zamani alikuwa anasimama mbele kabisa na kwaya, amevaa joho la zambarau, anaimba sauti ya kwanza mpaka watoto wanageuka kumtazama. Lakini mumewe alikuwa amefia majini siku ya Jumapili, na katika kanisa lile chombo hakigusi maji Jumapili, kwa hiyo kengele haikupigwa, sala ya wafu haikusomwa, na joho la mjane likakunjwa na kuwekwa kabatini. "Si kwamba tumekufukuza, la hasha," Katibu wa kanisa alimwambia, tena kwa tabasamu. "Tunakupumzisha." Eti kumpumzisha! Mtu ambaye kupumzika kwake kulikuwa ni kuimba.

Ibada ilipokwisha, watu wakawa wanasalimiana mlangoni. Alimshika mkono jirani yake, mvuvi mnene mwenye sauti nzito ambaye kila mtu alimwita Besi.

"Besi, leo hukusikia kitu?"

"Kitu gani, dada?"

"Mashine. Huko majini."

Besi alitazama viatu vyake. "Dada, nenda kapumzike. Jua la leo kali."

Hivyo ndivyo walivyomjibu wote, mmoja baada ya mwingine. Wengine walimwonea huruma mbele ya uso wake, wengine walingoja ageuke. Maskini, bado hajakaa sawa. Na yeye mwenyewe, tuseme ukweli, alikuwa ameshaanza kuwaamini. Mngurumo ulimfuata hadi nyumbani. Aliusikia kwenye kifuniko cha sufuria, kwenye mashine ya kusaga ya mtaa wa pili, kwenye kifua cha mama mkwe wake anapolala mchana. Siku nyingine, akiwa anashona wavu, aliiacha sindano hewani na kusikiliza mpaka shingo inamuuma. Mwanamke ambaye mumewe amepotea baharini, hana hata kaburi la kung'olea majani, anaweza kusikia chochote. Nani atambishia?

Kesho yake nyavu zilikuja kwake zimechanwa tena.

Hapo lazima nieleze, maana bila hili mtu hataelewa uchungu wa watu hawa. Utaratibu wao ulikuwa kutega nyavu Jumamosi mchana katika maji ya karibu, ndani ya mstari wa maboya mekundu, kisha kuziacha. Jumapili hakuna anayegusa kasia. Jumatatu alfajiri wanazivuta, na mvuo ule wa kwanza ni wa Bwana, unapelekwa kanisani kabla mtu hajaonja hata mkia. Maji yale ya ndani ya maboya yalitengwa kwa sheria kwa ajili ya watu wa mitumbwi na makasia. Meli za kukokota nyavu kubwa zilipewa bahari yote iliyobaki. Jamani, bahari yote! Lakini samaki wanaozaliana wako ndani ya maboya, na mwenye meli analijua hilo kama anavyoijua njia ya kwake.

Wavuvi walikusanyika uani kwa Mama Sindano, nyavu zimelundikwa katikati yao kama nguo za msiba. Mwanawe, kijana mwenye miguu isiyokwisha ambaye walimwita Mrefu, alinyanyua kamba iliyokatwa.

"Haya, nani atasema huyu ni papa? Papa gani anakata nyavu za watu kumi kwa mstari mmoja?"

Walikwenda kwa afisa wa uvuvi, wanaume watano na Mama Sindano. Waliachwa wamesimama ukutani mpaka afisa amalize chai yake. Kulikuwa na viti. Hakuna aliyewaambia wakae.

"Mliiona hiyo meli?" afisa aliuliza.

"Hatukuiona, bwana mkubwa."

"Nani aliiona?"

Wakatazamana. "Ilikuwa Jumapili," Besi alisema taratibu. "Tulikuwa kanisani."

Afisa akatabasamu, na tabasamu lile liliwauma kuliko tusi. "Basi rudini mkiwa na aliyeona."

Wakaondoka. Kila mmoja alijua meli ile ni ya nani. Ilikuwa ya Tajiri, na Tajiri huyohuyo ndiye aliyelizawadia kanisa spika na jenereta, mwaka uliopita, wiki ambayo wavuvi walianza kulalamika. Lilipofika jambo hilo kwenye kamati, Katibu alisema Mungu hutumia mkono wowote autakao. Na kwa kweli zawadi ilikuwa zawadi. Bibi, mama mkwe wa Mama Sindano, alikuwa hasikii vizuri kwa miaka mingi. Spika zilipofungwa alilia hadharani, akasema amelisikia Neno kwa mara ya kwanza tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Utamwambia nini bibi kama huyo?

Jumamosi, baada ya kutega, Mrefu aliketi kizingitini anakaza fundo la kamba.

"Kesho siji kanisani," alisema.

Mama yake hakuuliza kwa nini. Aliendelea kushona, sindano inaingia na kutoka. "Utakuwa wapi?"

"Wanataka aliyeona. Nakwenda kuona." Akamwonyesha simu aliyoifunga kwenye mfuko wa plastiki, imening'inia shingoni. "Napiga picha moja, meli na boya jekundu vinaonekana pamoja. Basi. Narudi."

"Baba yako naye alisema basi, narudi."

"Mama."

"Nasema tu alivyosema."

Ndani, Bibi aliita kwa sauti kubwa, "Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, Bibi!" Mrefu alipaza sauti.

"Mwambieni anywe maji ya moto!"

Siku nyingine wangecheka. Mama Sindano aliweka sindano chini. "Watakutenga. Unajua? Hata mimi wamenipumzisha, na sikuingiza hata kidole majini."

"Wanitenge. Wale wa kwanza kuitwa na Yesu walikuwa wavuvi, mama. Aliwakuta kwenye nyavu zao, hakuwakuta viti vya mbele."

Angeweza kumzuia. Neno moja tu kwa Katibu, na wazee wa kanisa wangekuja kumkalia mwanawe kikao mpaka jua lichwe. Alilifikiria neno lile, akalionja kabisa ulimini. Kisha akafikiria Jumatatu nyingine, na nyavu nyingine zimelundikwa uani, na afisa na chai yake. Akakumbuka pia jinsi alivyomuuliza Mchungaji siku ile ya msiba: mume wangu alikuwa na pembe ya kuitia msaada, mbona hakuipiga? Na Mchungaji alivyomshika bega na kumwambia kwa upole, "Mama, pembe haifiki huku. Umbali ule, na upepo ule. Hata kama alipiga, hakuna ambaye angesikia." Wazee wote walitikisa vichwa kukubali. Maneno yale yalimfaa. Aliyalalia mwaka mzima kama mto.

Alikwenda chumbani akarudi na pembe ya ng'ombe, ya zamani, ya babu yake Mrefu.

"Ikikukaribia, piga hii."

"Si walisema haifiki?"

"Wewe piga."

"Nani atasikia?"

"Mimi nitasikia. Si mnasema mimi ndiye ninayesikia vitu?"

Hapo wakacheka wote wawili, kicheko kibaya cha watu wenye hofu, na Mama Sindano akalazimika kugeuka kidogo ili mwanawe asimwone machozi.

Hakutulia. Jioni ikiwa bado mbali alikwenda kanisani kumtafuta Shemeji.

Huyu Shemeji alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Walivua pamoja ndugu hawa wawili tangu utotoni, mtumbwi mmoja, sahani moja. Lakini Shemeji alikuwa pia na kipaji cha kutengeneza redio, na spika zilipoletwa, kamati ilimpa kazi ya kuziendesha. Akapewa meza yake pembeni ya madhabahu, akapewa na posho iliyotoka kwa Tajiri, akaacha kwenda majini. Jumapili ile ndugu yake alipokwenda kulinda nyavu peke yake, yeye alikuwa mezani pale.

Alimkuta anapangusa spika kwa kitambaa chenye unyevu.

"Karibu, shemeji. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu." Alisimama, akaanza kuchezea ncha ya kanga yake. Hakuthubutu kumwambia habari ya Mrefu. Shemeji alikuwa mtu wa kamati. Angeipeleka kwa Katibu kabla chai haijapoa. "Nilikuwa naomba kitu kidogo. Kesho punguza sauti."

"Kwa nini?"

"Kichwa kinanigonga."

Shemeji alicheka kidogo, bila furaha. "Sauti si yangu, shemeji yangu. Ni ya kamati. Halafu mama je? Nikipunguza, mama hasikii kitu."

Alisema kweli. Alikuwa ameshageuka kuondoka Shemeji aliposema, akiwa anaangalia spika, hamwangalii yeye, "Bado unausikia ule... unaosema unausikia?"

"Nausikia."

"Utapona," Shemeji alisema, akaendelea kupangusa palepale alipokwisha kupapangusa.

Mlangoni alikutana na Katibu, ameshika funguo. Katibu alimtazama kwa wema, ule wema wa mtu anayekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Kamati inakufikiria, mama. Joho lako lipo, halijaliwa na mende. Wewe tulia tu. Acha kuwauliza watu maswali mlangoni."

"Asante, Katibu," alisema. Alimshukuru! Njia nzima alikuwa anajiuliza kwa nini amemshukuru.

Jumapili alfajiri walisukuma mtumbwi pamoja, mama na mwana, maji yakiwafika mapajani. Hawakuagana kwa maneno mengi. Alimkagua kama anayekwenda shule: simu, pembe, maji ya kunywa. Mrefu akapanda, akapiga makasia, na mgongo wake ukawa mdogo, ukawa nukta, ukawa kitu ambacho mtu anaweza kudhani anakiona.

Kisha akarudi nyumbani akaoga, akavaa gauni lake la ibada, akamshika Bibi mkono.

"Mrefu yuko wapi?" Bibi aliuliza.

"Anakuja."

Uongo siku ya Bwana, tena kwa mama mzee. Alimketisha Bibi mahali pake, mbele, chini ya spika kabisa, kisha akaenda kukaa nyuma.

Mchungaji alihubiri juu ya bahari iliyoambiwa itulie, ikatulia. Alikuwa mhubiri mzuri, tusimnyime haki yake. Jasho lilimtoka na aliamini kila neno. Lakini Mama Sindano hakumtazama. Alikuwa ameamua jambo moja tangu usiku, kwamba leo hatawatazama waliofumba macho. Atamtazama mtu mmoja tu ambaye kazi yake ni masikio.

Shemeji alikuwa ameketi mezani kwake, kidevu kimeegemea ngumi.

Mngurumo ukaja. Ulianzia nyayoni kama siku zote, ukapanda kwenye vifundo vya miguu. Na kabla haujafika magotini, mkono wa Shemeji ulinyanyuka, ukashika kile kidude cha kuzungushia sauti, ukakizungusha. Mchungaji hakumpa ishara. Katibu hakugeuka. Shemeji mwenyewe alikuwa anatazama dirishani, kama mtu anayefukuza nzi bila kumwona. Sauti ya Mchungaji ikapanda mpaka vioo vya madirisha vikatetema, na mngurumo ukazama chini yake.

Mkono ule ulikuwa umesikia.

Kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa furaha, Mungu amsamehe. Si mwendawazimu! Mwaka mzima anaambiwa akapumzike, akanywe maji, akaombewe, kumbe ana akili zake timamu! Nyuma ya furaha ile kulikuwa na wazo jingine linakuja, kubwa zaidi, linasukuma mlango. Hakulifungulia. Hakukuwa na nafasi. Mwanawe alikuwa majini.

Akasimama. Akapita katikati ya viti, na watu wakampisha magoti wakidhani anakwenda kutubu. Alipofika mezani aliinama sikioni mwa Shemeji.

"Zima."

"Shemeji, kaa chini," alinong'ona. "Watu wanaangalia."

"Zima, nakuomba. Mwanao yuko kule."

"Mwanangu nani?"

"Mrefu. Amekwenda kulinda nyavu. Ana pembe."

Shemeji alitazama kidude kile, akatazama upande wa Katibu, akafungua mdomo. Mkono wake ulibaki palepale ulipokuwa. Labda angezima. Labda alihitaji dakika moja tu ya kupiga moyo konde, na mimi sipendi kumhukumu mtu kwa dakika ambayo hakupewa. Mama Sindano hakuwa nayo ya kumpa. Aliufuata waya mnene kwa macho mpaka ukutani, akaushika kwa mikono miwili, akauchomoa.

Mchungaji aliendelea kidogo bila kujua, mdomo unatoa sauti ndogo ya mtu wa kawaida. Kisha naye akanyamaza.

Mngurumo ukajaa kanisani. Ulikuwa kwenye madirisha, kwenye mbao za viti, kwenye maji ya ubatizo yaliyokuwa yanacheza ndani ya beseni. Kitu kilichomtia Mama Sindano baridi hakikuwa ule mngurumo. Ni kwamba hakuna aliyeshtuka. Hakuna aliyeuliza ni nini hicho. Wale waume na wake walikaa wametazama sakafu kama watu waliokutwa uchi, na Besi, kule kwenye kwaya, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mbona mmezima?" Bibi alilalamika peke yake. "Nani amezima? Nilikuwa nasikiliza!"

Katibu alishainuka. "Mama Sindano, rudisha huo waya. Hii ni nyumba ya Mungu."

"Na yale ni maji ya nani?"

Katibu hakupata nafasi ya kujibu. Pembe ililia. Ilikuwa mbali na nyembamba, lakini hakuna mvuvi asiyejua pembe. Ililia kwa mlio mrefu, ikanyamaza, na kila mwanaume mle ndani alijua kwamba anayepiga anavuta pumzi apige tena.

"Ni nani aliye kule?" Mchungaji aliuliza.

"Ni mwanangu."

"Leo ni Jumapili," alisema Katibu, lakini alisema kama mtu anayejikumbusha mwenyewe.

Pembe ikalia mara ya pili. Ikakatika katikati.

Besi alitoka kwanza. Aliruka kizuizi cha kwaya na joho lake, mtu mnene vile, akapita mlangoni, na nyuma yake wakamiminika wengine, suti na tai na viatu vya ngozi, viti vinaanguka. Mchungaji alibaki ameshika mimbari kwa mikono miwili. Alikuwa mtu aliyelishika jambo moja maisha yake yote na sasa hajui aliweke wapi. Kisha akashuka ngazi mbio, naye akakimbilia ufukweni. Shemeji alikuwa wa mwisho. Alimpita Mama Sindano bila kumtazama.

Kutoka ufukweni kila kitu kilionekana, wala hakikuhitaji macho makali. Meli ilikuwa ndani ya maboya, ndani kabisa, karibu kiasi kwamba uliweza kumwona mtu mmoja mwenye fulana nyeupe ameegemea ukingo, anakunywa kitu kwenye kikombe. Mitumbwi ilikuwa inaielekea, makasia yanapanda na kushuka, na katika mitumbwi hiyo wanaume wengine wamesimama wameinua simu juu. Yule wa kikombe aliwaona, akapotea ndani. Meli ikaanza kugeuka.

Mama Sindano hakujali meli. Alikuwa anatafuta kitu kidogo cheusi juu ya maji. Aliuona mtumbwi wa mwanawe; ulikuwa umepinduka, tumbo juu. Alijikuta ameingia majini mpaka kiunoni na gauni la ibada, na alikuwa anaomba. Hakuomba vizuri. Aliomba kama anayegombana na mwenye duka: umeshachukua mmoja, umeshachukua mmoja, umeshachukua. Wanawake walimshika mabega wasimwache aende mbele zaidi.

Mtumbwi wa kwanza kurudi ulikuwa wa Besi. Shemeji alikuwa anapiga kasia, na katikati yao kulikuwa na mtu ameketi, magoti yake marefu yamemfika kidevuni.

Alikuwa hai. Mdomo umepasuka, anatetemeka, lakini hai. Kamba ya nyavu ilikuwa imeunasa mtumbwi meli ilipopita nazo, ukapinduka, pembe ikazama, naye akashikilia kielea mpaka walipomfikia. Aliruka kabla mtumbwi haujagusa mchanga na kumwangukia mama yake, na mama yake akamshika kichwa, masikio, mabega, akihakikisha kila kitu kipo.

"Nimepata, mama," alisema, anainua mfuko wa plastiki. "Meli na boya, picha moja. Waulize tena nani aliona!"

Watu walicheka, walilia, mtu akaanza wimbo. Mrefu akawageukia wanaume wa mitumbwi, meno yanagongana kwa baridi, uso umejaa furaha tupu ya mtu aliyeponea chupuchupu.

"Halafu jamani, kumbe pembe inafika!" alisema. "Nimepiga mara mbili tu, nikawaona mnatoka. Na mlituambia haifiki!"

Aliyekuwa anaimba akaacha. Besi aliinama kuifunga kamba ya mtumbwi iliyokuwa imeshafungwa. Mchungaji alikuwa amesimama majini na viatu vyake, joho linaelea kumzunguka, na midomo yake ilikuwa inacheza lakini haikutoa kitu. Na lile wazo ambalo Mama Sindano alikuwa amelifungia mlango kanisani liliingia, likaketi. Alimwona mumewe amesimama kwenye mtumbwi ule mwingine, anapiga, anavuta pumzi, anapiga tena, macho yake yametazama huku, mlango wa kanisa uko wazi, na hakuna anayetoka.

Bibi alifika anajikokota, ameshikwa mkono na wanawake wawili. Alimpapasa mjukuu wake kifuani, akaridhika. Kisha akatazama nyuso zote zile zilizonyamaza.

"Amesema nini?" aliuliza. "Mjukuu wangu amesema nini?"

Mama Sindano alimtazama Shemeji, aliyekuwa bado ameketi mtumbwini, kasia mapajani.

"Mwambie mama yako," alisema.

"Shemeji, tafadhali."

"Shuka umwambie. Kazi ya kumsikilizisha mama si ni yako?"

Shemeji alishuka. Alimwendea mama yake, akainama, akasema kitu sikioni mwake.

"Sisikii!" Bibi alisema. "Sema kwa nguvu!"

Akafumba macho. Akasema kwa nguvu, na ufukwe mzima ukasikia. "Anasema pembe inafika, mama! Inafika mpaka kanisani!"

Bibi alilipokea lile neno, akakaa nalo. Mkono wake ulikuwa bado kifuani kwa mjukuu. Akamtazama mwanawe, yule mmoja aliyebaki.

"Tangu lini?" aliuliza.